Mtama, Pumba na Chicha

Nitasema mapema, ili asiyependa majivuno aachie hapa hapa: mbuzi wangu wanatoa maziwa mengi kuliko mbuzi yeyote kutoka Msambweni hadi Bodo, na siri yake ni chakula ninachowachanganyia kwa mikono yangu. Hakuna aliyenipa. Nilikitafuta karibu mwaka mzima, kwa pua, kwa ulimi na kwa mizani ya jikoni, huku watu wa nyumbani kwetu wakinicheka mpaka wakichoka wanapumzika, kisha wanaanza tena.

Mizani hiyo niliitoa Diani. Nilifanya kazi miaka mingi katika jiko la hoteli moja kule, upande wa keki na mikate. Mtu wa keki si kama mtu wa mchuzi. Mpishi wa mchuzi huonja, akaongeza, akapunguza, na mchuzi ukiharibika atasingizia nazi. Mtu wa keki akizidisha kijiko kimoja cha magadi, keki inaanguka mbele ya macho ya watu na hana wa kumsingizia. Basi nikawa mtu wa kupima. Hata chumvi ya nyumbani kwangu naipima. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi nami nikapunguzwa, nikarudi kwetu Msambweni na mizani yangu mkobani na kiinua mgongo kidogo. Wenzangu niliotoka nao walifungua vibanda vya nguo. Mimi nilinunua mbuzi watatu wa maziwa.

Walitoka bara, na walifika wamechoka na safari. Wawili walikuwa wa rangi ya udongo, wapole, wa kwenda popote unapowaelekeza. Wa tatu alikuwa mweupe, mwenye masikio marefu yanayoning'inia na pua ya kiburi, na aliposhushwa garini alinitazama kama mgeni wa hoteli anayesubiri kuhudumiwa. Nilimpenda papo hapo.

Tunaishi boma moja na kaka yangu mkubwa. Nyumba kubwa ni yake na mkewe, mimi nina vyumba viwili upande wa mashariki, na katikati pana uwanja na jiko la nje. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyeshika nafasi yake, na neno lake ndilo la mwisho juu ya kila kilichomo ndani ya ua. Kaka yangu si mtu mbaya, nami nitamtetea kabla sijamsema. Ndiye aliyenisomesha. Ndiye aliyenijengea vile vyumba viwili. Lakini ana imani moja isiyotikisika, kwamba mbuzi ni mnyama wa kujitafutia. Mbuzi wa huku hushinda vichakani na jioni hurudi tumbo limejaa, na hakuna aliyemnunulia hata punje. Sasa anaona dada yake analeta gunia la chakula kutoka dukani, wiki inayofuata jingine, na bei ya gunia kila mara ni mpya.

"Mdogo wangu," aliniambia siku moja akiwa amesimama mlangoni pa banda, "hawa wako wanakula kuliko mimi."

"Shikamoo kaka," nikamjibu, maana nilijua salamu itamchelewesha kidogo.

"Marahaba. Wanakula kuliko mimi, na mimi sikamuliwi."

Nilicheka, lakini ukweli ulikuwa upande wake. Kile chakula cha dukani kilikuwa kizuri, sikatai. Mbuzi walikipenda na maziwa yalitoka. Tatizo ni kwamba nikishauza maziwa yote, fedha yote inarudi dukani kununua gunia jingine. Nilikuwa mfanyakazi wa mbuzi wangu, tena asiye na mshahara.

Wakati huo huo posa ya binti wa kaka ilikuja kutoka Mkongani, ikakubaliwa, na harusi ikapangwa baada ya mfungo. Na shangazi wa bibi harusi, kwa mila zetu, haji mikono mitupu. Kaka aliniita ukumbini, mkewe akiwa pembeni anakuna nazi, akanipa hukumu yake kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kufikiri.

"Sitaki kukuonea. Mpaka wiki ya harusi, hao mbuzi wakiwa wanajilisha kwa maziwa yao na wewe unabakiwa na kitu, waishi. Wasipojilisha, wataingia sufuriani, nami nitakuhesabia ndiyo mchango wako. Mbuzi asiyejilisha ni nyama iliyochelewa."

Sikuweza kumpinga. Nilimwambia nimesikia, nikatoka, nikaenda kukaa bandani. Yule wa masikio marefu alikuwa anacheua, taya linakwenda huku na huku, hana habari. Niliogopa. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na kile ndicho kitu cha kwanza maishani nilichojichagulia mwenyewe.

Basi nikaanza kutafuta chakula cha bei nafuu, na nikaanza kwa ujinga. Nilinunua mahindi makavu, nikawapa mazima mazima. Nilijiambia kwamba gunia la dukani si limetengenezwa kwa mahindi? Mbuzi waliyatafuna kwa fujo, nikafurahi. Kesho yake asubuhi nafagia banda, nakuta punje zile zile kwenye mavi, nzima, zinang'aa. Kuku wa wifi yangu walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

Wifi yangu ndiye mke wa kaka. Sisi ni watani kwa haki kabisa, na yeye haki yake huitumia yote. Kila asubuhi hukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, akauza pale barabarani mbele ya boma letu, na wateja wake humwendea kwa ulimi wake kama wanavyomwendea kwa mbaazi. Siku ile alipowaona kuku wake nyuma ya mbuzi, aliacha karai motoni.

"Wifi, hongera!" akapiga kelele mpaka wateja wakageuka. "Ahsante kwa kunilishia kuku. Mwaka ujao nunua ng'ombe, nami nitafuga bata."

Nikabadili. Nilipata pumba za mpunga kutoka upande wa Lunga Lunga, rahisi kabisa, karibu za bure. Nilizibeba kwa furaha. Kumbe pumba za mpunga ni za aina mbili, kuna unga laini unaotoka mchele ukisuguliwa, na kuna makapi ya juu yanayochoma ulimi. Mimi niliuziwa makapi. Mbuzi walinusa, yule wa masikio marefu akapiga chafya ndani ya ndoo, akaniangalia. Maziwa yakapungua mpaka nikaona aibu kumpelekea mteja wangu wa mgahawa.

Kaka aliona. Hakunicheka, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema tu, akiwa anapita na kikoi chake kwenda msikitini, "Mchagua nazi hupata koroma."

Methali hiyo iliniuma kuliko matusi. Lakini nilipoifikiria, usiniulize kwa muda gani, niliona kwamba mimi sikuwa nimechagua kitu. Nilikuwa naokota kilicho rahisi. Katika jiko la keki hakuna mtu angenunua unga bila kuuchungua. Kuanzia hapo nikaamua kwamba chakula cha mbuzi nitakichagua kama nilivyokuwa nachagua unga wa keki ya harusi ya mzungu.

Nilikwenda Ukunda, kwenye mashine ya kusaga. Mwenye kuiendesha ni mtu wa bara, mtu mzima mwenye mvi zilizochanganyika na unga usijue ipi ni ipi. Nilimsalimia, nikachovya mkono kwenye gunia lake la pumba za mahindi, nikanusa, nikatia kidogo mdomoni. Akanitazama.

"Mama, wewe ndiyo wa kwanza kuonja hii kitu."

"Ina mchanga," nikamwambia.

"Hiyo haina mchanga, wacha."

Nilimwomba gilasi ya maji. Nikatia konzi moja ya pumba, nikakoroga, tukasubiri wote wawili tumeinama kama watu wanaosoma barua. Maganda matupu yakabaki juu. Ile yenye unga ikashuka polepole. Na chini kabisa, kwenye kitako cha gilasi, pakatulia mstari wa mchanga. Yule bwana alicheka, akakuna mvi zake, akaenda nyuma akaniletea gunia jingine ambalo alikuwa hamuonyeshi kila mtu. Tulilipima vile vile, likawa safi. Toka siku ile sikuwahi kuuziwa pumba mbaya pale, na nimesikia kwamba sasa wateja wengine nao huja na gilasi.

Ni yeye aliyenitajia mtama. "Mahindi ni ya watu," alisema. "Watu wakishika bei, mbuzi wako watalala njaa. Tafuta kitu watu hawagombanii. Huku kwenu nani anakula mtama? Lete, nitakuparazia, si kusaga ikawa unga. Ile ya kuvunja tu."

Alikuwa amesema kweli. Sisi watu wa pwani wali ni wali na sima ni ya mahindi, na mtama tunaukumbuka mtu akiwa mgonjwa ataka uji. Kule Mkongani wako wanaoulima kwa sababu hauogopi jua, na baada ya mavuno huuza kwa bei ya kuutoa nyumbani. Nilipanda pikipiki nikaenda mwenyewe. Nilikuta mwekundu na mweupe. Niliutafuna mwekundu, ukanikausha ulimi kama ndizi mbichi, nikajua mbuzi hawataupenda. Mweupe ulikuwa mtamu, una utamu wa mbali. Nikauma punje moja moja kutoka magunia matano mpaka mwenyeji wangu akaniuliza kama nimekuja kununua au kufuturu. Nikanunua mweupe, mkavu, unaovunjika kwa mlio.

Ulipoparazwa, mbuzi waliifuta ndoo nzima. Asubuhi nilipofagia, kuku wa wifi walifika, wakakuta hakuna kitu. Nilisimama na ufagio wangu, nikawatazama wakirudi mikono mitupu, nikajisikia malkia.

Hata hivyo nguvu peke yake haitoshi. Unga mtupu hauwi keki. Mbuzi wa maziwa anataka kitu cha kujenga, na dukani hicho ndicho ghali kuliko vyote. Niliyazunguka mashudu yote, ya alizeti, ya pamba, bei zikanifukuza. Jibu lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, chini ya mbuzi ya kukunia nazi ya wifi.

Mtu anayepika mbaazi za nazi kila siku ana chicha. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa tui, yanayobaki ni yale makapi meupe ambayo huku kwetu humwagiwa kuku bila kufikiri mara mbili. Lakini ukiyatia kinywani bado yana mafuta, bado yana utamu. Nilimwendea wifi nikaomba.

"Chicha yangu?" akasema, mkono kiunoni. "Wifi, umeanza kwa kuwalisha kuku wangu, sasa wataka kuwafungisha saumu?"

Tuliafikiana kwamba kila siku nitampa kikombe kimoja cha maziwa kwa ndoo ya chicha. Kisha nikajifunza tena kwa kukosea, maana chicha mbichi haisubiri. Saa sita imeanza kuchachuka, alasiri inanuka tembo la mnazi. Mbuzi mmoja wa rangi ya udongo aliharisha siku mbili kabla sijaelewa. Nikaanza kuianika asubuhi ile ile juu ya mabati moto, nyembamba, nikiigeuza kwa mkono mpaka iwe kavu na ya kumumunyuka. Ikishakauka hivyo, hukaa wiki nzima.

Nikakaa na mizani yangu. Vikombe viwili vya mtama, kimoja cha pumba, kimoja cha chicha kavu, chumvi kidogo. Majani kwanza, nafaka baadaye, na nafaka yenyewe wakati wa kukamua tu, kwa kipimo, asizidishiwe hata mzuri wao. Hilo la mwisho liandikwe kwa wino. Kila nilipobadili kitu, nilibadili kidogo kidogo kwa siku kumi, kwa sababu tumbo la mbuzi ni kama chachu, ukiliharakisha litakuumbua.

Wiki ya tatu maziwa ya yule wa masikio marefu yalipita jagi nililokuwa nakamulia, nikakimbilia jingine nikiwa nimemwacha amesimama. Wiki ya sita mgahawa ulitaka mara mbili ya kawaida. Mwezi wa mfungo ulipoandama, watu walikuja kwa maziwa ya futari mpaka nikawagawia kwa zamu. Mbuzi walikuwa wanajilisha, wananilisha na mimi. Nilimwambia kaka. Akatia sukari chai yake, akaikoroga, akanyamaza. Kwake yeye kunyamaza ni kukiri.

Laiti nami ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilitangaza msibani, nilitangaza kisimani, nilitangaza kwenye foleni ya zahanati. "Nafaka ndiyo maziwa," nilikuwa nawaambia wanawake. "Mbuzi ni mdomo wake." Waliponiuliza vipimo, niliwazungusha. Nilitaka waone matokeo, siri nibaki nayo. Huo ulikuwa ubahili wa elimu, na Mungu alinilipa papo hapo.

Siku moja kabla ya harusi, boma lilijaa wanawake. Mchele wa pilau huchaguliwa kwa mikono mingi, ndiyo desturi. Mikeka ikatandikwa uwanjani, magunia yakafunguliwa, kila mtu na ungo wake, mawe huku, chenga huku, na hadithi juu kwa juu. Mimi niliondoka asubuhi kwenda kupeleka maziwa na kuchukua vitu vya keki ya bibi harusi, maana keki hiyo nisingemwachia mtu. Nilirudi baada ya adhuhuri.

Walinipokea kwa furaha. "Shangazi mtu, tumekutunzia mbuzi wako!" akasema mmoja. Mwingine akasema, "Yule mweupe ana adabu, kila ukimpa anapokea."

Niliweka vitu vya keki chini. Nikaziangalia nyungo. Chenga zote hazikuwepo.

Walikuwa zaidi ya wanawake thelathini. Kila mmoja aliyepita karibu na banda, kwa ukarimu wa shughuli na kwa kunipenda mimi, alimpelekea konzi ya chenga za mchele. Hakuna hata mmoja aliyefanya kosa. Konzi moja si kitu. Na mimi mwenyewe ndiye niliyewahubiria kwamba nafaka ndiyo maziwa. Wale wawili wa udongo walikuwa wamefungwa nyuma, hawakufikiwa. Zote zilimwishia yule aliye mbele, mwenye kupokea.

Nilimkuta amesimama pembeni, masikio yamelala, anasaga meno. Hacheui. Ubavu wa kushoto ulikuwa umetuna na kukaza, ukiupiga kwa vidole unalia. Nilipomvuta, magoti yakakunjika, akakaa chini. Nilijua ni nini. Nafaka nyingi kwa mpigo mmoja huchachuka tumboni, na asidi ile humuua mbuzi kabla ya magharibi.

Habari zilimfikia kaka kabla sijainuka. Alikuja na kisu, kimefungwa kitambaa, na uso wake haukuwa na ubaya wowote.

"Mdogo wangu, huyu anakwenda," alisema. "Na akifa hajachinjwa ni nyamafu, haramu, atatupwa. Nimchinje angali hai, awe halali. Kesho tuna watu."

"Kaka, nipe muda."

"Muda ndio tusio nao. Na hawa wawili wengine, bila huyu, watajilisha kwa nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatari si ya mbuzi mmoja tu. Yule mweupe ndiye aliyekuwa anabeba mizani yote. Akianguka yeye, hukumu ya ukumbini inarudi, na wote watatu wataingia sufuriani kesho asubuhi. Nilisimama kati ya kaka na mnyama. Sijawahi kumsimamia kaka yangu mbele maishani mwangu, tena mbele za watu.

"Mpaka adhana ya alasiri," nikamwambia. "Ikilia hajasimama, nitamshika mwenyewe uchinje. Lakini kabla ya hapo usimguse."

Wanawake wakaweka nyungo chini. Kaka alinitazama, akaangalia jua, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kisu mapajani.

Nilikimbilia jikoni kwangu. Kwenye rafu kulikuwa na magadi ya keki, yale meupe laini. Najua kazi yake tangu ujana wangu, hukutana na kitu kichachu kikakipoza. Niliyapima. Ndiyo, hata wakati ule niliyapima, kwa sababu kuzidisha ni kumuua kwa njia nyingine. Nikayakoroga kwenye maji ya uvuguvugu, nikatia chupani, nikapiga goti kando ya mbuzi. Nilimnywesha kwa pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, nikisubiri ameze, yasije yakaingia mapafuni. Kisha nikaanza kumkanda ubavu kwa ngumi, kutoka chini kwenda juu, kama unga mgumu wa mkate.

Mikono ilichoka. Mtu alichuchumaa upande wa pili, akaanza kukanda nami. Alikuwa wifi.

"Nifundishe," alisema. Hakutania. "Nisukume wapi?"

Nikamwonyesha. Tulikanda pamoja, tukamwinua, akaanguka, tukamwinua tena. Mimi kamba, yeye nyuma, tukaanza kumtembeza uwanjani, tukiizunguka mikeka ya mchele, wanawake wakivuta miguu yao kutupisha. Mzunguko wa kwanza tulimbeba. Wa tatu alikuwa anaburuta kwato. Wa sita, sikumbuki vizuri, labda wa saba, alisimama ghafla mbele ya kaka yangu, akanyoosha shingo, akatoa mbweu.

Ilikuwa mbweu ndefu, nzito, yenye harufu ya tembo la jana, na ilimpiga kaka usoni. Ikafuata ya pili. Ubavu ukalegea chini ya kiganja changu. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wakadakia wengine, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele ambavyo vilikuwa vimewekewa bibi harusi. Bwana harusi mwenyewe hakupata mfano wake. Nililia mbele ya wote, nikamfuta mbuzi povu kwa leso yangu.

Adhana ya alasiri ilipolia alikuwa amesimama kwa miguu yake. Kaka aliinuka, akakifunga kisu, akaenda kutawadha.

Jioni ile nilikaa na wanawake wale mkekani na nikawatajia vipimo vyangu vyote. Mtama vikombe viwili, pumba kimoja, chicha kavu kimoja, na kwa nini isizidi. Nikawaambia lawama ni yangu, kwa kuwapa nusu ya elimu. Yule mbuzi alikula majani makavu matupu kwa siku kadhaa, na maziwa yake yalishuka, yakarudi pole pole.

Harusi ikawa. Keki yangu ilisimama. Wageni wa Mkongani walikula pilau ya ng'ombe ambaye kaka alikwenda kumtafuta alfajiri, na baada ya kula, mzee mmoja wa ukweni alitembea na kijiti chake cha meno hadi bandani. Akawaangalia mbuzi wangu watatu, wenye afya, manyoya yanang'aa.

"Mkwe," akamwambia kaka kwa utani, kwa sauti ya kusikiwa na wanaume wote, "mna nyama ya namna hii nyumbani, nanyi mmekwenda kununua ng'ombe?"

Nilikuwa nimebeba birika la chai. Nilisimama pale pale.

"Hiyo si nyama," kaka akajibu. "Hiyo ni kazi ya dada yangu. Ukitaka kujua inavyofanywa, muulize yeye. Mimi sijui."

Yule mzee aligeuka kunitazama, na wanaume wengine nao, na nikaona wanangoja. Niliweka birika chini, nikaanza kuwaeleza.